Kunasa, Kunakili na Kuingiza: Istilahi za Picha za Video katika Kompyuta ya Nyumbani

UTANGULIZI

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, jinsi picha zilizopigwa kwa kamera ya video ya ubainifu wa juu zinavyotolewa katika kamera, zikatiwa katika kompyuta ya nyumbani, zikahaririwa, na hatimaye zikawa filamu fupi inayoweza kutazamwa na watu. Hatukusudii kumfundisha msomaji ufundi wa kompyuta. Tunakusudia kuonyesha kwamba kazi hii ina vitendo kadhaa vilivyo mbali mbali, na kwamba kila kitendo hakina budi kuwa na neno lake. Mfasiri akitumia neno moja kwa vitendo viwili, msomaji wake anaweza kupoteza picha. Na picha za namna hii aghalabu hazipigwi mara ya pili.

Tunasema hivi kwa sababu yametufika. Miaka kadhaa iliyopita tulipewa kazi ya kutafsiri karatasi ya maelekezo kwa ajili ya maofisa waliokuwa wakienda vijijini na kamera ndogo za video. Karatasi hiyo ilikuwa na hatua tatu. Ya kwanza ilihusu kunakili picha kutoka katika kadi ya kamera hadi katika diski ya kompyuta. Ya pili ilihusu kuifahamisha programu ya uhariri mahali zilipo picha hizo. Ya tatu ilihusu kuifuta kadi ili itumike tena. Sisi, kwa kuona kwamba hatua mbili za mwanzo zinafanana, tuliandika "hamisha picha" katika zote mbili, na katika ya tatu tukaandika: "zikishahamishwa, futa kadi."

Ofisa mmoja alikuwa amerekodi kwa muda wa saa mbili mazungumzo yake na fundi mzee wa majahazi. Alipoisoma karatasi yetu, aliiona hatua ya kwanza na ya pili kuwa ni jambo moja lililosemwa mara mbili, akafanya ile ya pili tu. Programu ilimwonyesha picha zake zote, naye akaamini kwamba zimekwisha kuhama. Akaifuta kadi. Alipoifungua programu siku ya pili, palipokuwa na picha pana vijisanduku vitupu.

Fundi yule alikuwa ametaja jina la kila kipande cha chombo. Mkuku, mataruma, mlingoti na foromali tunayajua sote. Lakini majina ya vipande vidogo vidogo, na ya zana za kukalafati, mengi yake hatukuyakuta katika kamusi tulizokuwa nazo. Yaliyosalimika ni manane tu, ambayo ofisa aliyaandika kwa kalamu pembeni mwa daftari lake. Fundi alifariki kabla ofisa hajarudi. Kosa halikuwa la ofisa, wala la programu. Lilikuwa letu, na lilikuwa kosa la istilahi.

UBAINIFU WA PICHA

Jambo la kwanza linalomkabili mfasiri ni jina la picha zenyewe. Watu wengi husema "picha za ubora wa juu". Usemi huu unaeleweka, lakini una kasoro. Ubora wa picha hutegemea mambo mengi: mwanga, lenzi, mkono wa mpigaji. Jambo linalotajwa hapa ni moja tu, nalo ni wingi wa nukta zinazoifanya picha, na kwa hiyo uwezo wa picha hiyo kubainisha vitu vidogo. Ndiyo maana tunapendekeza "ubainifu". Picha ya ubainifu wa juu inaweza kuwa mbaya sana kwa ubora, iwapo imepigwa gizani na mkono unaotetemeka.

Hesabu zake ni hizi. Picha ya video ya kawaida katika nchi zinazofuata utaratibu wa fremu 25 kwa sekunde, zikiwamo Tanzania na Kenya, ina nukta 720 kwa upana na mistari 576 kwa urefu, yaani nukta 414,720. Picha ya ubainifu wa juu iliyo kamili ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600, ambazo ni mara 5 kamili ya zile za kawaida. Upo pia ubainifu wa juu ulio mdogo zaidi, wa nukta 1,280 kwa 720. Nukta hizo huitwa pikseli, na neno hili limekwisha kuenea. Tunaona yafaa maneno yote mawili yaendelee: "nukta" katika maelezo ya watu wote, na "pikseli" katika maandishi ya kitaalamu.

Kila picha moja tuli katika mfululizo wa video huitwa fremu. Wako wanaolalamika kwamba neno hili lina kazi nyingi mno, maana fremu ni ya mlango, ni ya picha ukutani, na mjini Dar es Salaam ni chumba cha duka kinachopangishwa. Hatuoni hatari hapo. Hapana msomaji atakayedhani kwamba sekunde moja ya video ina vyumba 25 vya duka.

Lipo jambo jingine ambalo wafasiri hulikwepa. Kamera nyingi za miaka ile hazikupiga fremu nzima kwa mara moja. Zilipiga kwanza mistari ya witiri, yaani wa 1, wa 3, wa 5, kisha zikapiga ile ya shufwa, na runinga za zamani ziliionyesha vivyo hivyo. Picha za namna hii tunaziita picha za mistari pishani. Zile ambazo mistari yake yote hupigwa pamoja tunaziita picha za mistari mfululizo. Tofauti hii si ya kitaalamu tu. Picha za mistari pishani zikionyeshwa katika kioo cha kompyuta bila matengenezo, kingo za kitu kinachokwenda, mathalani mkono wa mpiga ngoma, huonekana zimechanika kama meno ya kitana. Mtu asiyejua huiona kamera yake kuwa mbovu. Aliyesoma maelekezo yenye neno sahihi ataitafuta katika programu amri ya kuondoa upishani, na jambo litakwisha.

KUBANA NA KUSIMBA

Kwa nini kompyuta hulemewa na picha hizi? Tuchukue fremu kamili ya nukta 2,073,600. Kila nukta ikihifadhiwa kwa baiti 3, fremu moja huchukua megabaiti 6 na kidogo. Fremu 25 za sekunde moja huchukua megabaiti 155, na saa nzima huchukua gigabaiti 560 hivi. Hapana kamera ndogo iliyoweza kuhifadhi kiasi hicho. Ndipo ikahitajika picha zibanwe.

Tunasema "kubana", si "kugandamiza". Kitu kilichogandamizwa kimesukumwa kwa nguvu kutoka nje, kama hewa katika pampu. Kilichobanwa kimepangwa ili kienee mahali padogo, kama nguo katika sanduku la msafiri. Kanuni ya kupanga na kupangua huitwa kodeki. Kitendo cha kupanga ni kusimba, na cha kupangua ni kusimbua. Msomaji atakumbuka kwamba matangazo ya runinga ya zamani yalipoanza kuzimwa jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kila nyumba ilijifunza neno "king'amuzi". Leo vyombo vya habari hutumia pia "kisimbuzi", na jina hili lina faida moja: linafungamana na kitenzi chake. Aliyekwisha kulijua hatapata taabu kuelewa kusimba na kusimbua katika kompyuta.

Kamera za nyumbani za ubainifu wa juu zilifuata taratibu mbili kubwa. Wa kwanza ni HDV, uliotangazwa mwaka 2003 na makampuni ya Canon, JVC, Sharp na Sony. Huu ulitumia kanda ile ile ndogo ya MiniDV iliyokuwa ikitumiwa tangu mwaka 1995, na kusimba picha za mistari 1,080 kwa kasi ya megabiti 25 kwa sekunde, yaani gigabaiti 11 na zaidi kwa saa. Picha zake zina nukta 1,440 kwa upana, ambazo hutanuliwa wakati wa kuonyeshwa. Wa pili ni AVCHD, uliotangazwa mwaka 2006 na Panasonic na Sony. Huu hauhitaji kanda. Huandika mafaili katika kadi ya kumbukumbu, katika diski iliyomo ndani ya kamera, au katika sahani ndogo ya DVD. Kasi yake ilikuwa hadi megabiti 24 kwa sekunde, na mwaka 2011 ikaongezwa hadi 28.

Siri ya kubana huku ni kwamba fremu nyingi hazihifadhiwi kwa ukamilifu. Katika HDV ya mistari 1,080 yenye fremu 25 kwa sekunde, kila kundi la fremu 12 lina fremu moja iliyo kamili. Zile 11 zilizobaki hueleza tu kilichobadilika ukizilinganisha na jirani zake. Tunapendekeza "fremu kamili" na "fremu tegemezi". Maneno haya yanaeleza mambo mawili ambayo watumiaji hulalamikia bila kuyajua chanzo chake. Kwanza, doa dogo katika utepe wa kanda laweza kuharibu picha za karibu nusu sekunde nzima, kwa sababu fremu kamili ikipotea, tegemezi zote za kundi lake hukosa pa kuegemea. Katika video ya kawaida ya MiniDV, ambayo husimba kila fremu peke yake, doa kama hilo lingeharibu fremu moja tu. Pili, kompyuta dhaifu hukwama wakati wa kuhariri, kwa sababu ili ionyeshe fremu moja ya katikati, hulazimika kwanza kuzisimbua jirani zake.

KUTOA PICHA KATIKA KAMERA

Sasa tumefika penye kiini cha makala haya. Maelekezo ya lugha za kigeni hutumia maneno matatu au manne kwa kitendo cha kutoa picha katika kamera, na wafasiri wengi, sisi tukiwa wa kwanza wao, wameyatia yote katika mfuko mmoja wa "kuhamisha". Tuyatenganishe.

(a) Kunasa. Picha zilizo katika kanda hazina umbo la faili. Zimo katika utepe kwa mfuatano, na hazisomeki ila utepe upite mbele ya kichwa cha kamera. Kamera hufungwa kwa waya wa FireWire, kanda huchezwa, na kompyuta huudaka mkondo wa data unapopita. Kanda ya dakika 60 hunaswa kwa dakika 60, wala hapana njia ya mkato. Neno "kunasa" limesadifu mno hapa. Mtego hunasa kinachopita. Kikishapita bila kunaswa, ni lazima kirudishwe nyuma ndipo kipite tena.

Hapa pana hatari mbili za kutajwa. Kamera nyingi za HDV zina amri ya kuzigeuza picha kuwa za video ya kawaida zinapotoka. Amri hiyo ikiachwa wazi, mtu hunasa picha za nukta 414,720 akidhani amenasa za ubainifu wa juu, na pengine huja kugundua baada ya kurekodi kitu kingine juu ya kanda ile ile. Amri hii isitafsiriwe "geuza" peke yake. Iandikwe "shusha ubainifu", ili msomaji aione hasara kabla hajabonyeza. Kadhalika, tundu la USB katika kamera nyingi za kanda liliwekwa kwa ajili ya picha tuli zilizo katika kadi, si kwa ajili ya video ya ubainifu wa juu iliyo katika kanda. Mwandishi anayesema tu "unganisha kamera kwa waya" hajasema kitu.

(b) Kunakili. Picha zilizo katika kadi ni mafaili. Hazihitaji kuchezwa, hunakiliwa kama barua yoyote iliyo katika kompyuta, kwa kasi ambayo kadi na waya vitaruhusu. Jambo la msingi ni kwamba asili hubaki mahali pake. Baada ya kunakili kuna picha mbili: moja katika kadi, na moja katika diski.

Maelekezo ya AVCHD hayana budi kusema "nakili folda zima", si "nakili picha". Kamera huandika, pamoja na mafaili ya picha, mafaili mengine madogo yanayoeleza mpangilio wake. Tena, kadi nyingi hutumia utaratibu wa FAT32, ambao haukubali faili lifikie gigabaiti 4. Kwa hiyo hotuba ndefu hukatwa na kamera yenyewe kuwa mafaili mawili au matatu. Programu ikipewa folda zima huweza kuyaunga bila mshono. Ikipewa faili moja moja, sauti yaweza kukatika katikati ya neno.

(c) Kuhamisha. Neno hili tunapendekeza libakizwe kwa kitendo kimoja tu: kile ambacho baada yake asili haipo tena pale ilipokuwa. Mtu aliyehama nyumba hakai katika nyumba mbili. Kitendo hiki ni cha hatari, kwa sababu umeme ukikatika katikati yake, kitu chaweza kuwa hakipo kule wala huku. Mfasiri akikutana na neno la kigeni lenye maana pana ya kupeleka kitu kutoka mahali hadi mahali, asikimbilie "kuhamisha". Ajiulize kwanza: je, asili inabaki? Ikiwa inabaki, neno ni "kunakili".

KUINGIZA, NA FAILI LA MRADI

(d) Kuingiza. Hiki ni kitendo cha kuifahamisha programu ya uhariri kwamba picha fulani zipo na zitatumika. Hapa ndipo ofisa wetu alipoangukia. Programu hazifanani. iMovie, inayotumiwa katika kompyuta za Apple, hunakili picha na kuzitia katika hazina yake. Kdenlive, ambayo ni programu huria isiyolipiwa, huandika tu anwani ya mahali picha zilipo. Katika programu ya namna hii ya pili, picha zikiondolewa katika anwani hiyo, programu huwa kama mtu aliyeshika ufunguo wa nyumba iliyobomolewa. Kwa hiyo tunapendekeza mfasiri asiandike "kuingiza" tupu katika mahali penye hatari, bali aseme "kuingiza kwa nakala" au "kuingiza kwa rejea", kadiri programu inavyofanya. Maneno mawili zaidi si gharama kubwa.

Linaloambatana na hili ni faili la mradi. Mhariri anapohifadhi kazi yake kila jioni, aghalabu hahifadhi picha. Huhifadhi maagizo: kipande hiki kianze hapa, kiishie pale, kifuatwe na kile, sauti ishushwe. Ndiyo maana faili la mradi huwa dogo, ijapokuwa picha zenyewe ni za gigabaiti nyingi. Faili la mradi likipelekwa kwa mtu mwingine bila picha, ni kama kumpelekea mgeni orodha ya viungo vya pilau badala ya sinia. Walimu wanaopokea kazi za wanafunzi wanalijua jambo hili vizuri.

KUHARIRI

Kitenzi "kuhariri" kilizoeleka katika magazeti na vitabu, na kimehamia katika video bila kupingwa. Inafaa. Kazi ni ile ile: kupunguza, kupanga upya, na kuondoa yasiyohitajika. Picha kama zilivyotoka katika kamera tunaziita picha ghafi, kwa mfano wa malighafi. Sehemu moja inayoanza pale kamera ilipowashwa na kuishia pale ilipozimwa ni kipande. Vipande hupangwa kutoka kushoto kwenda kulia juu ya mstari wa muda.

Amri za uhariri zilizo nyepesi tutazipita haraka. Kukata ni kukigawa kipande kimoja kuwa viwili. Kufuta katika mstari wa muda ni kukiondoa kipande katika mpangilio, bila kukiondoa katika diski. Badiliko kutoka kipande kimoja hadi kingine ni mpito.

Amri moja ilitusumbua kwa muda mrefu: ile ya kupunguza mwanzo au mwisho wa kipande kwa kuuvuta ukingo wake. Tulianza na "kupogoa", kwa mfano wa mti. Kisha tukaona kwamba tawi lililopogolewa halirudi, ilhali katika uhariri wa kompyuta sehemu iliyopunguzwa bado ipo. Ukiuvuta ukingo upande wa pili inatokea tena. Neno la kweli tulilipata kwa fundi cherehani. Suruali ikiwa ndefu, fundi haikati. Huipinda, na nguo iliyozidi hubaki ndani ya upindo. Mtoto akirefuka, upindo huachiwa. Hivyo ndivyo kipande cha video kilivyo. Tunapendekeza "kupinda" na "kuachia upindo". Maneno haya humwondolea mwanafunzi hofu ya kuharibu, na hofu hiyo ndiyo inayowafanya wengi waiache kazi njiani.

Kwa kompyuta iliyolemewa na fremu tegemezi kuna dawa mbili, nazo zisichanganywe. Ya kwanza ni kusimba upya: picha zote hugeuzwa kwa kodeki nyingine iliyo nyepesi kusimbua, lakini inayochukua nafasi kubwa. Mathalani, katika ProRes 422 ya Apple, iliyotolewa mwaka 2007, saa moja ya ubainifu kamili yenye fremu 25 kwa sekunde huchukua gigabaiti 55 hivi. Ya pili ni kutengeneza nakala wakilishi: programu hutengeneza nakala ndogo za picha, mhariri hufanya kazi na hizo, na wakati wa kumaliza programu huziendea zile za asili. Mtu akidhani nakala wakilishi ndiyo picha yake, akaifuta asili, amebaki na kivuli.

KUCHAKATA NA KUTOA

Kazi ikiisha, maagizo yaliyo katika faili la mradi hayana budi kutekelezwa juu ya picha zenyewe, fremu baada ya fremu, ili lipatikane faili moja lililo kamili. Kitendo cha kompyuta kutekeleza maagizo hayo tunakiita kuchakata. Neno hili ni la mashamba ya mkonge, ambako majani huingia katika mtambo upande mmoja na nyuzi hutoka upande wa pili. Kitendo cha mtumiaji kuamuru faili la mwisho lipatikane tunakiita kutoa. Kuchakata kwaweza kuchukua muda mrefu kuliko filamu yenyewe, na maelekezo yaseme hivyo, ili mtu asidhani kompyuta yake imekufa.

Wakati wa kutoa, mtumiaji huulizwa mambo mawili ambayo huchanganywa kila siku: kasha na kodeki. MP4 ni kasha. H.264 ni kodeki. Kasha la mbao halikuambii kama ndani mna nguo au vyombo. Vivyo hivyo faili la MP4 halikuambii limesimbwa kwa kodeki ipi. Ofisi inayotangaza kwamba inapokea "video za MP4" imetaja kasha na kuacha kilichomo, na itapokea mafaili ambayo baadhi yake hayatafunguka katika mashine zake.

ORODHA YA ISTILAHI

Tunapendekeza istilahi zifuatazo kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali:

fremu kamili: fremu iliyohifadhiwa picha yake yote, isiyohitaji nyingine ili isimbuliwe.
fremu tegemezi: fremu inayoeleza tu kilichobadilika kulinganisha na jirani zake.
kasha: umbo la nje la faili, linalobeba picha na sauti pamoja.
kodeki: kanuni ya kusimba na kusimbua picha au sauti.
kuchakata: kutekeleza maagizo ya uhariri juu ya picha zenyewe.
kuhamisha: kupeleka kitu mahali pengine bila asili kubaki.
kuingiza kwa nakala: kuipa programu picha, nayo ikatengeneza nakala yake.
kuingiza kwa rejea: kuifahamisha programu mahali picha zilipo, bila nakala.
kunakili: kutengeneza faili la pili lililo sawa na la kwanza, asili ikibaki.
kunasa: kudaka mkondo wa picha kutoka katika kanda inayochezwa.
kupinda: kuficha mwanzo au mwisho wa kipande bila kuupoteza.
kusimba upya: kugeuza picha kutoka kodeki moja hadi nyingine.
mistari pishani: mistari ya fremu inayopigwa kwa zamu, witiri kisha shufwa.
mstari wa muda: mahali vipande vinapopangwa kwa mfuatano wake.
nakala rudufu: nakala inayowekwa mbali na ile inayotumika, kwa ajili ya usalama.
nakala wakilishi: nakala ndogo inayotumika wakati wa kuhariri kwa niaba ya asili.
ubainifu: wingi wa nukta zinazoifanya picha.

HITIMISHO

Tangu mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, imeonekana wazi kwamba amri za kompyuta zinaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Swali lililobaki si kama maneno yapo. Ni kama kila neno linashika kitendo kimoja.

Jambo hili lina haraka yake. Kanda za HDV bado zimo makabatini mwa ofisi na nyumba za watu, na kompyuta nyingi zinazouzwa leo hazina tundu la FireWire. Kamera za kuzichezea zinapungua mwaka hata mwaka. Yeyote mwenye kanda za wazee, za sherehe au za mafundi, azinase sasa, kifaa kingali kinapatikana.

Ama ile karatasi yetu ya maelekezo, tumeiandika upya. Hatua zake sasa ni nne, nazo zasema: "Nakili folda zima la kadi katika diski ya kompyuta. Fungua nakala hiyo, uitazame mwanzo, katikati na mwisho. Tengeneza nakala rudufu katika diski ya nje. Ndipo ufute kadi." Hatua ya kuingiza picha katika programu tumeipeleka katika ukurasa wake peke yake, ili isisimame tena karibu na neno "futa".

Tunawaomba wasomaji watuletee maoni yao juu ya istilahi hizi. Hasa tungependa kusikia kutoka kwa mafundi wanaohariri picha za arusi na mikutano, maana wao huishi na vitendo hivi kila siku, na huenda wamekwisha kuvipa majina yaliyo bora kuliko haya yetu.